Muulizeni mzee maswali kabla ya kumtoa damu ya PSA

Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika gazeti lako nizungumzie kipimo cha damu kiitwacho PSA na namna majibu yake yanavyotolewa kwa wazee wetu huku Bonde la Ufa na Nyanza. Mimi ni mwanamke, kazi yangu ni ya maabara, na nimeifanya hapa Nakuru tangu nilipotoka chuoni. Damu ya wanaume wengi waliovuka miaka 50 imepita mikononi mwangu. Ninayoyaandika nimeyaona kazini, na nimeyaona pia katika familia niliyoolewa.

Ombi langu ni kwamba mwanaume asitolewe damu ya PSA kabla ya kuulizwa maswali manne na kupimwa mkojo, na majibu yaandikwe kwenye fomu ileile inayofika maabara pamoja na chupa ya damu.

PSA ni protini. Hutengenezwa na tezi dume, ile tezi iliyokaa chini ya kibofu cha mkojo na kuuzunguka mrija wa kupitishia mkojo, na kazi yake ni kuzifanya shahawa ziwe majimaji. Sehemu kubwa hubaki hukohuko kwenye tezi. Kiasi kidogo sana huvuja kikaingia kwenye damu, ndicho tunachokihesabu kwa nanogramu katika kila mililita. Tezi iliyokua, iliyoambukizwa, iliyoguswa na kifaa au yenye saratani, zote huvujisha zaidi. Mashine inahesabu kilichovuja, basi. Kilichokivujisha haiwezi kukijua, na hapo ndipo mtu anapohitajika kuuliza.

Tezi dume hukua kadiri umri unavyosonga, hata kwa mtu asiye na saratani. Wanaume wa miaka ya hamsini wakipimwa kwa hadubini, karibu nusu yao wana ukuaji huo, na waliopita 80 ni kama tisa kati ya kumi. Mzee anaanza kuamka usiku mara kwa mara, mkojo unatoka kwa kusitasita, akimaliza anahisi bado haujaisha. Ugonjwa huu unachosha, na ukiachwa uzibe njia kabisa unaweza kuharibu figo. Lakini si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Na kwa kuwa tezi kubwa ina chembe nyingi za kutengeneza PSA, mzee wa aina hii anaweza kuishi miaka mingi na hesabu iliyo juu ya 4, ile namba ambayo wengi wetu tulifundishwa kuwa ndiyo mpaka.

Baba mkwe wangu ni mkulima wa mpunga upande wa Ahero. Aliamka usiku kwenda haja kwa miaka, asimwambie mtu. Kwetu, habari za mkojo wa mzee hazifikishwi kwa mke wa mwanawe, hata kama mke huyo anashinda akipima mikojo ya watu. Usiku mmoja mkojo ukakataa kabisa kutoka. Tumbo la chini likajaa, likawa gumu, jasho likamtiririka. Vijana wa pale bomani wakampakia kwenye Probox wakamkimbiza hospitalini, akawekewa mpira wa kupitishia mkojo, ukatoka zaidi ya lita moja. Nawashukuru waliokuwa zamu usiku ule, maana hali ile ingeweza kumharibia figo. Kulipokucha, mpira ukiwa bado mwilini, akachukuliwa damu ya PSA. Majibu yakaja 19.4. Kijana aliyemkabidhi karatasi alimwambia kwamba hiyo ni kansa, atafute hospitali kubwa.

Mzee alirudi nyumbani akaita wanawe. Akaanza kuwaonyesha mipaka, nani atachukua upande wa mfereji na nani atabaki na boma. Akauza fahali wawili kwa bei ya haraka ili pesa za matibabu ziwepo. Chakula akawa anakigusa tu. Sisi huku Nakuru tuliambiwa mzee ana malaria.

Karatasi ilinifikia mkononi mwa mume wangu, imekunjwa ndani ya bahasha ya risiti za SACCO. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Juu iliandikwa tarehe na saa ya kuchukuliwa damu. Kwenye kadi ya hospitali iliandikwa saa aliyowekewa mpira. Kati ya saa hizo mbili haikupita hata nusu siku. Nyuma ya kadi, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na majibu ya mkojo wake: nitraiti, ambayo ni dalili ya vijidudu, ipo, seli nyeupe alama tatu za kujumlisha, protini alama moja.

Basi mzee alikuwa na mkojo uliombana, mpira uliopitishwa katikati ya tezi, na maambukizi juu yake. Kila moja kati ya hayo linaweza kuipandisha PSA, na kwa baadhi ya watu ikapanda mara kadhaa. Hakuna hata moja lililoandikwa kwenye fomu ya PSA. Mwenzangu wa maabara kule alipokea chupa yenye jina na umri, akaiweka kwenye mashine, mashine ikahesabu sawasawa. Simlaumu hata kidogo. Hakuambiwa, na fomu haina mahali pa kumwambia.

Nilimpigia mzee simu. Nikamwambia, "Baba, karatasi hii haisemi una saratani. Inasema tezi yako ilikuwa imesumbuliwa usiku ule." Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mama, una uhakika?" Nikamjibu kwamba kuhusu saratani sina uhakika wa ndiyo wala hapana, ila nina uhakika damu ile ilichukuliwa wakati usiofaa, na tutairudia wakati unaofaa.

Maambukizi yakatibiwa kwa dawa iliyochaguliwa baada ya mkojo kuoteshwa maabara. Tukasubiri. PSA iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku mbili au tatu, lakini tezi iliyoambukizwa huendelea kuvujisha kwa wiki nyingi, ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka wiki 6 zipite baada ya maambukizi ya mkojo kabla ya kupima. Sisi tulizidisha kidogo. Tulipopima tena, 19.4 ilikuwa imeshuka hadi 5.1.

Na 5.1 nayo bado haisemi kitu ikiwa peke yake. Tuliomba PSA iliyo huru, ile sehemu inayoelea kwenye damu bila kushikana na protini nyingine. Ikawa asilimia 28. Kwa mtu mwenye PSA kati ya 4 na 10, sehemu huru ikizidi asilimia 25 uwezekano wa saratani hupungua. Ikiwa chini ya 10 huongezeka. Kisha akapigwa picha ya tumbo, tezi ikakutwa na ukubwa wa mililita 74, wakati tezi ya kijana huwa kama 20 hivi. Ukigawanya 5.1 kwa 74 unapata chini ya 0.07. Wengi wa madaktari wa mkojo huanza kuingiwa na wasiwasi hesabu hiyo ikifika 0.15. Daktari wa mkojo kule Kisumu akampima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, akaikuta tezi ni laini, pande zote mbili sawa, haina kinundu. Akampa tamsulosin ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo na finasteride ya kupunguza tezi. Mzee sasa analala. Mpira ulitolewa na mkojo unapita wenyewe. Fahali ndio walikuwa wameshakwenda.

Jamani, ni wazee wangapi huko Kuresoi, Muhoroni, Butere, Bondo, wenye karatasi kama ile chini ya godoro, na hawana mtu wa maabara katika familia?

Saratani ya tezi dume ipo, na ni miongoni mwa zile zinazowapata wanaume wengi zaidi katika nchi hii. Wengi hufika hospitalini ikiwa imeshaingia mifupani. Sitaki mwanaume yeyote asome barua hii kisha aseme, basi sipimwi. Apimwe. Hesabu ikibaki juu baada ya kurudiwa vizuri, au kidole cha daktari kikikuta kinundu, lazima aendelee mbele hadi akatwe kinyama kipelekwe kuchunguzwa. Ila kukata kinyama si jambo la kukimbilia. Sindano hupitishwa mara nyingi kwenye njia ya haja kubwa, na baadhi ya watu huvuja damu au hupata maambukizi makali. Na kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10 wanaofanyiwa hivyo, ni takriban mmoja kati ya wanne anayekutwa na saratani. Wale watatu wengine ndio ninaowapigania hapa.

Kambi za matibabu za bure nazo nina neno nazo. Nimewahi kujitolea kwenye kambi hizo na najua nia ni njema. Mwezi wa Septemba ukifika, mahema yanasimamishwa sokoni na kanisani, wanaume wanapanga foleni, na kinachotumika mara nyingi si mashine bali ni kile kikaseti cha plastiki kinachofanana na cha kupimia ujauzito. Unadondosha damu, unasubiri, mstari ukitokea ina maana PSA imepita 4. Mstari mwingine hufifia hadi unainamisha kikaseti kwenye mwanga kuona kama upo. Mtu wa 4.2 na mtu wa 80 wote wanaweza kuondoka na neno lilelile, "iko juu". Hakuna hesabu ya kulinganisha siku nyingine, hakuna aliyeuliza kama mzee ana maambukizi, na foleni ni ndefu nyuma yake. Kikaseti kikionyesha mstari, mzee apewe barua ya kwenda kupimwa kwa mashine, na aambiwe wazi kwamba bado hajapatikana na ugonjwa wowote.

Hata huko kipimo hiki kilikotoka hakikuanza hivi. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1986 kwa kufuatilia watu ambao tayari walijulikana kuwa na saratani. Mwaka 1994 ndipo kikaruhusiwa kusaidia kuitafuta, tena pamoja na kupimwa kwa kidole. Richard Ablin, mtafiti aliyeeleza antijeni ya tezi dume mwaka 1970, aliandika kwenye gazeti la New York Times mwaka 2010 akilalamika kuhusu kukitumia kuwapima wanaume kwa jumla.

Nimesema mkojo upimwe kwanza, kwa sababu stripu ya mkojo, kile kijiti chenye vibandiko vinavyobadilika rangi, ni ya bei nafuu na inapatikana hadi kwenye zahanati. Lakini hata stripu ina adabu yake. Kile kibandiko cha seli nyeupe hakihesabu seli. Kinanusa kimeng'enya kinachotoka ndani yake, kisha kinageuka zambarau. Kinahitaji dakika mbili. Cha nitraiti na cha protini ni sekunde 60. Nimeona wahudumu wakichovya, wakitazama papo hapo na kuandika "hakuna kitu". Nimeona pia kopo la stripu limeachwa wazi dirishani kutwa nzima hadi zikanyonya unyevu, na stripu ya namna hiyo siiamini. Nitraiti nayo hutengenezwa na baadhi ya vijidudu tu, na huhitaji mkojo uliokaa kibofuni kama saa nne, kwa hiyo anayekojoa kila baada ya nusu saa anaweza kuwa na maambukizi na nitraiti isionekane.

Akina mama nao wanaumizwa na haraka hiyohiyo. Mama anaenda na maumivu ya mgongo, anapewa kikopo bila kuelezwa kwamba mkojo wa mwanzo uachwe umwagike, wa katikati ndio ukingwe. Seli nyeupe kutoka ukeni zinaingia kwenye kikopo, kibandiko kinageuka zambarau, anaambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya mkojo, anaandikiwa antibiotiki. Mwezi unaofuata ni hivyo hivyo. Baada ya muda vijidudu vya kweli vinapokuja, dawa zinakuwa hazivishiki tena. Kimeng'enya kile kimesema kuna seli nyeupe mahali fulani. Kama kuna kijidudu, na ni dawa gani itakiua, hayo hujulikana kwa kuuotesha mkojo.

Hata kile kibandiko cha protini huwatia watu hofu isiyo na sababu. Homa kali inaweza kukibadilisha rangi kwa muda, na mbio ndefu vilevile. Mwanariadha wa Eldama Ravine akipimwa mara tu baada ya mazoezi anaweza kuonekana ana ugonjwa wa figo. Anarudi kesho yake asubuhi, mkojo ni safi. Isitoshe mkojo wenye afya hauendi bila protini kabisa. Iliyo nyingi zaidi ndani yake ni uromodulini, iliyoelezwa na Tamm na Horsfall mwaka 1950, ambayo figo huitengeneza yenyewe na ambayo hunasa vijidudu aina ya E. koli kabla havijang'ang'ania ukuta wa kibofu. Kinachotafutwa kwa mgonjwa wa kisukari au presha ni albumini, protini ya damu, na kwa huyo hata kiasi kidogo kinachojirudia si cha kupuuzwa.

Watafiti wanaendelea kutafuta protini nyingine zitakazosema mapema zaidi. Iko moja iitwayo NGAL, ambayo huongezeka kwenye mkojo saa chache tu baada ya figo kuumia, wakati kreatinini, kipimo cha damu cha figo tunachokitegemea, hungoja siku moja au mbili. Ingetufaa sana kwa mtu mwenye jiwe lililoziba njia au mzee aliyebanwa na mkojo. Lakini NGAL hubebwa pia na seli nyeupe, kwa hiyo mgonjwa mwenye maambukizi ya mkojo nayo humpanda hata figo zikiwa salama. Kwa hiyo siku itakapofika kwenye maabara zetu, nayo itabidi mgonjwa aulizwe kwanza.

Narudi kwenye fomu. Maswali manne ninayoyataka ni haya. Je, amewekewa mpira, amebanwa na mkojo, amekatwa kinyama au amekuwa na maambukizi ya mkojo katika wiki 6 zilizopita? Je, katika saa 48 zilizopita ametoa shahawa au amefanya mazoezi mazito, hasa kuendesha baiskeli? Swali hili la pili wahudumu vijana huona aibu kumuuliza mzee wa rika la baba yao. Lisomwe na mwanaume mwenzake, au mzee apewe fomu atie alama mwenyewe. Je, anatumia finasteride au dutasteride, dawa za kupunguza tezi? Na je, amewahi kupimwa PSA, ikawa ngapi na kwa mashine gani? Mashine za kampuni tofauti hazitoi hesabu sawa kila mara, na PSA ya kulinganisha ni vyema ipimwe palepale ilipopimwa mwanzo.

Swali la dawa lina uzito wake. Mtu aliyetumia finasteride kwa takriban miezi sita, PSA yake hushuka hadi karibu nusu. Karatasi ikisema 3, ile ya kweli ni kama 6. Hapa hatari ni ya upande wa pili: mzee anaambiwa uko sawa, nenda nyumbani, kumbe kuna kitu kinakua. Tena ikianza kupanda akiwa bado anameza dawa hiyo, hata ikiwa bado chini ya 4, daktari anapaswa kujua. Baba mkwe wangu sasa yuko katika kundi hili, na nimemwandikia kwa wino mwekundu kwenye jalada la kadi yake: "Anatumia finasteride. Zidisha PSA kwa mbili."

Madaktari na maafisa wa tiba nao wana kipimo kisichohitaji damu wala umeme: maswali saba ya dalili za mkojo yanayotumika ulimwenguni kote, kila moja likipewa alama hadi 5, jumla 35. Alama 0 hadi 7 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 za wastani, 20 kwenda juu ni kali. Mzee anaweza kuyajibu akiwa kwenye benchi, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Baba mkwe wangu angeulizwa mapema, angeonekana miaka mingi kabla ya usiku ule wa Probox.

Kwa wakuu wa afya wa kaunti za Nakuru na Kisumu, na wenye maabara za kibinafsi: fomu zenu za kuombea vipimo nyingi zina nafasi pana chini, iliyoandikwa maelezo ya mgonjwa, na kila siku hunifikia ikiwa tupu. Maswali yote manne yanatosha hapo kwa mistari mitano. Fomu mpya zinapokwenda kuchapishwa, yawekeni.

Mtaalamu wa maabara,
Nakuru